Nani afungue mlango gani? Ruhusa za watumiaji katika programu za kusimamia miradi

Maneno yaliyosemwa mbele ya waratibu, wahasibu na wahamasishaji wa miradi ya amani. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.

Tunajua kwamba wengine wenu wamelala njiani kwa sababu ya barabara, kwa hiyo hatutapoteza muda wenu kwa maneno marefu ya heshima.

Tuliombwa kusema juu ya jambo ambalo wengi huliona kuwa ni kazi ya fundi wa kompyuta, yaani ni nani aruhusiwe kuona nini, kuandika nini na kufuta nini katika programu tunazotumia kusimamia miradi yetu kwa njia ya intaneti. Mratibu mmoja aliposikia kichwa hiki alicheka, akasema: "Hayo mwiteni kijana wa informatiki." Sisi tunaona vingine. Kijana wa informatiki anajua pa kubonyeza. Lakini hajui kwa nini mama fulani wa kijiji fulani asijulikane kwamba alizungumza nasi. Jambo hilo mnalijua ninyi, na kama hamkumwambia, atafungua milango yote ili watu wasimsumbue kila asubuhi kwa kulalamika kwamba hawaoni faili zao.

Zamani mradi ulikuwa daftari, kabati na ufunguo. Aliyetaka kusoma alikuja ofisini, akaomba, akapewa au akakataliwa, na watu walimwona akiomba. Sasa tuna Redmine, Trello, Asana, Basecamp, na zile faili za pamoja za Google. Tunaweka humo orodha ya kazi, tarehe, bajeti, ripoti za uwanjani na picha za mikutano. Katika kampuni inayouza viatu, kazi moja huandikwa hivi: "Kupigia duka simu kuhusu masanduku 40." Kwetu kazi moja huandikwa hivi: "Kukutana na fulani kuhusu shamba lililochukuliwa na fulani." Angalieni sentensi hiyo. Kuna majina mawili, kuna ugomvi, na kuna siku ambayo mtu atakuwa njiani. Programu haijui tofauti kati ya sentensi hizo mbili. Kwake zote ni kazi, na zote zinaonekana kwa kila aliyealikwa.

Basi tueleze kwanza namna mambo haya yanavyopangwa, halafu tutarudi kwa watu.

Katika programu nyingi za aina hii kuna vitu vitatu. Cha kwanza ni mtumiaji, yaani mtu mmoja mwenye jina lake na neno lake la siri. Cha pili ni nafasi, yaani kazi anayoifanya ndani ya mradi, kama vile mratibu, mhasibu, mhamasishaji au mgeni. Cha tatu ni ruhusa zenyewe: kuona, kuongeza, kusahihisha, kufuta, kualika mtu mwingine. Ruhusa hazipewi mtu moja kwa moja. Hupewa nafasi, kisha mtu huwekwa katika nafasi hiyo. Mhamasishaji akihama, tunamtoa katika nafasi na ruhusa zake zote zinakwisha. Anayekuja badala yake tunamweka pale pale, wala hatuna haja ya kukumbuka kibali kimoja kimoja. Mpango huu ulielezwa vizuri mwaka 1992 na David Ferraiolo na Richard Kuhn wa taasisi ya viwango ya Marekani, na programu nyingi tunazotumia leo zimeufuata kwa namna moja au nyingine.

Kabla yao, mwaka 1975, Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika makala juu ya kulinda habari ndani ya kompyuta. Waliweka kanuni kadhaa, nasi tunachukua tatu. Ya kwanza: kila mtu apewe ruhusa zinazotosha kazi yake, zisizidi. Ya pili: mwanzo wa yote uwe kufungwa, na mlango ufunguliwe kwa sababu inayojulikana. Ya tatu tutaisema baadaye. Kanuni hizi zimetimiza miaka 50 na hakuna aliyezikanusha. Hata hivyo mama zetu walikuwa nazo bila kompyuta. Mama akimtuma mtoto sokoni kununua chumvi hampi mfuko wote wa pesa. Na si kwa sababu anamwona mtoto kuwa mwizi. Anajua tu kwamba sokoni kuna watu wengi, na mtoto ni mdogo.

Tunapenda kutumia Redmine kama mfano kwa sababu ni programu huru, hailipiwi leseni, na mashirika madogo yanaweza kuisimika kwenye seva yao. Ndani ya Redmine mtu mmoja anaweza kuwa mratibu katika mradi huu na msomaji tu katika mradi ule. Kila nafasi ina ukurasa wake wenye visanduku vingi vya kuweka alama: aone kazi, aongeze maelezo, afute, asimamie wanachama. Kuna hata mpangilio unaosema kwamba mtu wa nafasi hii aone kazi alizoziandika mwenyewe au alizopewa, nyingine asizione kabisa. Maelezo yanaweza kuwekwa ya siri, yaonekane kwa nafasi chache. Sehemu za ziada mlizoziongeza wenyewe, kwa mfano "kijiji" au "namba ya simu", zinaweza kufichwa kwa nafasi fulani na kuonekana kwa nyingine.

Hayo yote yapo. Lakini Redmine ikisimikwa bila kugusa mipangilio yake, mradi mpya huzaliwa ukiwa wa wazi. Na kama hamkuweka sharti la kuingia kwa neno la siri, hata mpita njia asiye na akaunti ataona mradi huo. Waliotengeneza programu hii waliifikiria kwa ajili ya watu wanaopenda kazi yao ionekane na ulimwengu mzima, nao hawakukosea kwa kazi yao. Kazi yetu sisi ni nyingine. Kwa hiyo jambo la kwanza kabla ya kuandika hata neno moja ni kwenda katika mipangilio na kufunga.

Mtatuuliza kama kweli jambo hili linatokea. Limetokea, tena kwa wakubwa. Mwezi wa Septemba 2018 magazeti yalieleza kwamba mtafiti mmoja wa India alikuta mbao za Trello, kurasa za Jira na faili za Google za Umoja wa Mataifa zikiwa wazi kwa yeyote mwenye kiungo, na ndani yake mlikuwa na maneno ya siri ya kuingilia. Hakuna aliyevunja mlango. Kuna watu waliochagua "wazi" mahali palipopaswa kuwa "siri", labda kwa haraka, labda ili mwenzao wa ofisi nyingine afungue faili bila kusumbuka. Tunawaomba mkumbuke hilo kila mnapotuma kiungo katika kikundi cha WhatsApp. Kiungo kilichowekwa "kila mwenye kiungo" ni barua isiyo na bahasha.

Tena mwezi wa Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba seva zenye habari za watu zaidi ya 515,000 ziliingiliwa. Walikuwa watu waliotengana na jamaa zao kwa sababu ya vita, uhamiaji na maafa, watu waliopotea, na wafungwa. Habari hizo zilitoka kwa vyama vya taifa vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu vipatavyo 60. Wavamizi waliingia kwa njia ya programu ambayo haikuwa imepata marekebisho ya usalama, tangu mwezi wa Novemba 2021, na iligunduliwa siku 70 baadaye. Hatusemi haya ili kuwalaumu. Wao walieleza wazi yaliyotokea, na ni wachache wanaofanya hivyo. Tunasema kwa sababu kama shirika lenye mafundi wengi namna ile liliweza kuingiliwa, sisi wenye kijana mmoja wa informatiki anayefanya kazi siku mbili kwa juma hatuna budi kuweka vitu vichache zaidi ndani ya sanduku.

Sasa tuje kwa kazi yetu wenyewe, maana hapa ndipo penye uzito.

Chukueni ugomvi wa wafugaji na wakulima juu ya njia za ng'ombe, kama tunavyouona katika uwanda wa Ruzizi na katika milima ya Fizi. Mpatanishi hukaa kwanza na wakulima peke yao, kisha na wafugaji peke yao. Wakulima wanamwambia: "Tunaweza kukubali njia ipite hapa, kama watalipa mazao yaliyoharibika. Lakini usiwaambie bado." Wafugaji nao wana la kwao wasilotaka lisemwe kabla ya wakati. Jioni mpatanishi anafungua kompyuta, anaandika alichosikia. Kama kila mtu wa ofisi anaona kila kitu, neno lile limekwisha kutoka. Halihitaji msaliti. Mtu anasoma, anamwambia mkewe, mkewe ana ndugu upande ule, na keshokutwa kwenye mkutano wafugaji wanaanza na bei ya chini kwa sababu wanajua kwamba wakulima wako tayari kulegea. Wakulima wanajua kwamba sisi ndio tuliosema. Kazi ya miezi mingi imekwisha kwa siku moja, na hakuna atakayetueleza kwa nini watu hawaji tena kwenye mikutano.

Namna moja inayofaa ni hii. Mradi mkuu uwe na miradi midogo mitatu chini yake: mmoja wa mazungumzo na wakulima, mmoja wa mazungumzo na wafugaji, na mmoja wa pamoja. Katika ule wa pamoja yaandikwe yale tu yaliyokubaliwa mbele ya pande zote mbili. Wapatanishi wawili waone yote matatu. Wahamasishaji waone ule unaohusu kazi yao, pamoja na ule wa pamoja. Kuna kisanduku kimoja kinachosema kwamba mradi mdogo urithi wanachama wa mradi mkuu. Kikiwekwa alama, kila aliye juu anaingia chini na ukuta wenu umeanguka bila ninyi kujua. Mkifika nyumbani kiangalieni hicho kabla ya kingine.

Lakini kuna hatari nyingine, nasi tunataka kuisema wazi. Timu zetu zimechanganywa makabila kwa makusudi. Kama baadhi wakikuta milango imefungwa na wengine imefunguliwa, watauliza kwa nini, na kila mmoja atajijibu mwenyewe kwa jibu lililo baya kuliko yote. Hivyo ruhusa ifuate kazi, isifuate kabila. Anayehudumia kikundi cha wakulima aone faili ya wakulima, awe ametoka jamii gani. Na orodha ya nafasi na ruhusa zake isomwe kwa sauti mbele ya timu nzima, katika Kiswahili, si kuachwa ndani ya ukurasa wa Kifaransa ambao ni msimamizi peke yake anayeufungua. Tumeona timu ambamo watu walikubali kufungiwa jambo bila kinyongo kwa sababu walielezwa mapema. Walichokataa ni kukuta wamefungiwa kimya kimya.

Tena waelezeni wahamasishaji kwamba ukuta huu unawalinda wao kwanza. Mtu akisimamishwa njiani na wenye silaha na kuulizwa ni nani aliyesema habari za kizuizi kile, yule ambaye hakuona hana cha kusema. Hawezi kutoa asichonacho, hata simu yake ikifunguliwa.

Na simu hufunguliwa. Mwishoni mwa mwezi wa Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa M23, na katikati ya Februari mwaka ule ule ikawa zamu ya Bukavu. Siku kama hizo ofisi huporwa, magari huchukuliwa, kompyuta hupotea. Katika saa zile hakuna mtu anayekaa kupanga ruhusa. Kilichopangwa kabla ndicho kinachobaki. Kama simu moja iliyopotea ni ya mhamasishaji aonaye kazi zake kumi, zimepotea kazi kumi. Kama ni ya mtu mwenye ruhusa za msimamizi mkuu, limepotea kabati lote, na aliyelipata anaweza pia kualika watu wengine na kuwafungia ninyi nje. Simu hiyo hiyo, bei hiyo hiyo sokoni.

Kwa hiyo tunawaomba waratibu wakubwa watusamehe kwa neno hili. Msimamizi mkuu wa programu si cheo. Tumekutana na wakurugenzi waliotaka ruhusa zote kwa sababu ni wakurugenzi, na kuwanyima ilionekana kama kuwavunjia heshima. Mkurugenzi huyo huyo ndiye anayesafiri zaidi, anapita vizuizi vingi zaidi, na mara nyingi ameacha neno lake la siri kwa sekreteri wake. Heshima yake ilindwe kwa njia nyingine. Apewe nafasi ya kuona ripoti zote na kuidhinisha matumizi. Ruhusa ya kuongeza na kufuta watumiaji ibaki kwa watu wawili wanaokaa mahali pawili tofauti, tena kwa akaunti ya pekee ambayo hawaitumii kwa kazi za kila siku.

Kwa nini wawili? Hapa ndipo inapoingia ile kanuni ya tatu. Wengi wenu mna vikundi vya AVEC vijijini, na mnakijua kile kisanduku chenye kufuli tatu na funguo mikononi mwa watu watatu. Hakuna anayeweza kukifungua peke yake. Saltzer na Schroeder walisema jambo hilo hilo juu ya kompyuta: kufuli inayohitaji funguo mbili ina nguvu kuliko ya ufunguo mmoja. Programu nyingi za miradi hazina kufuli ya namna hiyo kwa kila jambo, lakini mnaweza kuifanya kwa utaratibu. Mhasibu anaandika malipo, mratibu anaidhinisha, wala hakuna nafasi yenye ruhusa zote mbili. Hilo Redmine inaliweza, kwa kupanga ni nafasi gani inayoweza kutoa kazi katika hali ya "imeandikwa" na kuipeleka katika hali ya "imekubaliwa".

Wawili pia kwa sababu ya mtandao. Mnakumbuka mwisho wa Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilifungwa nchini kote hadi Januari 2019, siku kama ishirini. Kama ni mtu mmoja tu anayeweza kumzuia mtumiaji, naye yuko mahali pasipo na mtandao, simu iliyoibwa inabaki na ufunguo wake. Mmoja akae upande huu wa mpaka na wa pili upande ule, ikiwezekana.

Sasa juu ya akaunti za pamoja. Jambo hili tunalijua sote. Ofisi ina kompyuta moja, ina akaunti moja iitwayo "mradi", na neno la siri limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Sababu mara nyingi ni pesa. Kampuni nyingi hulipisha kwa kila mtumiaji, na Trello isiyolipiwa iliweka kikomo cha watu 10 kwa kila eneo la kazi mwaka 2024. Tunaelewa. Lakini mkitumia akaunti moja watu sita, zile ruhusa zote tulizozisema hazina maana tena, kwa sababu wote sita ni mtu mmoja machoni pa programu. Na daftari la matendo, lile linaloonyesha nani alibadilisha nini na saa ngapi, litaandika "mradi" kila mahali. Siku ripoti ikifutwa, mtatazamana. Katika timu iliyochanganywa, kutazamana kwa namna hiyo si jambo dogo. Kama pesa hazitoshi kwa programu ya kulipia, nendeni kwenye programu huru, au punguzeni watu wanaoingia. Wengine walete ripoti zao kwa karatasi kama zamani. Karatasi haina aibu.

Wafadhili nao. Mfadhili aliye Ulaya anataka kuona kazi inakwenda, na ana haki hiyo. Anaomba aingie kama mgeni. Vema. Lakini anachohitaji ni idadi ya mikutano, idadi ya washiriki wanawake na wanaume, matumizi na matatizo. Hahitaji jina la msichana aliyesimulia yaliyompata msituni. Hajaomba jina hilo, ila akipewa nafasi ya kuona yote ataliona, na litalala katika kompyuta yake pia. Tengenezeni mradi mdogo wa ripoti, mgeni aone huo. Tukifanya hivyo wafadhili wengi hushukuru, kwa kuwa nao wana sheria zao za kulinda habari za watu. Nasi tunayo yetu: Kongo ina Kanuni ya Kidijitali tangu Machi 13, 2023, na ndani yake mna sehemu inayohusu habari za watu binafsi.

Tuseme na jambo ambalo linatushangaza. Katika ofisi nyingi tulizopita, bajeti ndiyo iliyofungwa kwa kufuli zote, na orodha ya mashahidi iko wazi kwa kila mtu. Tungependa mambo yageuzwe. Kalenda ya kazi, pesa zilizoingia na zilizotoka, nani alipewa gari juma lile, hayo yawe wazi kwa wafanyakazi wote, kwa kuwa wivu na maneno ya chini chini katika ofisi zetu huzaliwa hapo. Wachache waandike, wote wasome. Majina ya waliotueleza mambo yafungwe. Au, lililo bora kabisa, yasiingie humo. Andikeni namba badala ya jina, na orodha inayofungua namba ikae mahali pengine, mikononi mwa mtu mmoja au wawili. Kitabu cha Mary Anderson cha mwaka 1999 juu ya kutodhuru kimefundishwa katika semina zetu nyingi, na watu wanajua kuangalia kama visima na mbegu vinagawa jamii. Ni wachache waliowahi kuitazama orodha ya watumiaji wao kwa jicho hilo hilo.

Kuna mambo mawili ambayo ruhusa haiyazuii, nasi hatutaki muondoke hapa mkidhani kwamba imewakinga kila mahali. La kwanza ni barua pepe. Redmine na nyinginezo hutuma taarifa kila kazi inapoandikwa, na maneno yenyewe yamo ndani ya barua. Mkimwondoa mtu leo, barua za mwaka jana bado ziko katika simu yake. Zimeni taarifa hizo kwa miradi ya siri, au zipunguzeni. La pili ni kupakua. Anayeweza kuona orodha anaweza kuitoa kama jedwali na kuiweka kwenye fleshi. Hapo programu haina mkono tena. Ndiyo maana tunarudi kusema kwamba anayeona awe mwenye haja ya kuona.

Neno la siri peke yake halitoshi. Redmine tangu toleo la 4.2 la mwaka 2021 inakubali hatua ya pili, yaani tarakimu zinazobadilika kila baada ya muda mfupi ndani ya simu. Tarakimu hizo hutengenezwa na simu yenyewe hata pasipo mtandao, kwa hiyo zinafaa huku kwetu kuliko zile zinazokuja kwa ujumbe mfupi ambao unaweza kukawia mpaka kesho. Chapisheni ile orodha ya tarakimu za akiba, iwekwe mbali na simu.

Jambo la mwisho ni watu wanaoondoka. Mikataba yetu ni ya miezi sita, ya mwaka mmoja. Watu huja na kwenda, wengine wanahamia shirika jingine, wengine wanaingia katika siasa, wengine wanakimbia. Akaunti zao hubaki. Katika Redmine msifute akaunti, kwa sababu kazi alizoziandika zitahesabiwa kuwa za mtu asiyejulikana na historia ya mradi itapotea. Ifungeni. Aliyefungiwa haingii, lakini jina lake linabaki pale alipofanya kazi. Na kazi hiyo ya kufunga iwekwe katika karatasi ile ile anayotia sahihi anaporudisha ufunguo wa pikipiki na simu ya ofisi, ili mtu asione kwamba anafukuzwa kama mshukiwa. Pikipiki haikusahaulika hata siku moja. Akaunti husahaulika kila mara.

Mwenzetu mmoja alituuliza jana kama inafaa kuanza upya, kufunga kila kitu na kufungua kimoja kimoja. Tunafikiri hapana, si katikati ya mradi. Watu wakikosa faili zao asubuhi wataanza kutumiana kila kitu kwa WhatsApp, na mtakuwa mmeongeza milango kuliko mliyofunga. Anzeni na majina ya watu walio hatarini, kisha wasimamizi wakuu, kisha akaunti za waliokwisha kuondoka. Mengine yasubiri mradi ujao.

Umeme wa jenereta tumeahidiwa hadi saa kumi. Tunaomba sasa kila mratibu afungue programu ya mradi wake, aende kwenye ukurasa wa wanachama, na ahesabu majina. Kando ya kila jina andikeni kwenye karatasi mtu huyo anafanya kazi gani leo. Kama kuna jina ambalo hamlijui, inueni mkono, tutakuja hapo mlipo.